Kijembe Huanzia Sikioni

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vilabu vya midahalo vya shule na vyuo, mjini Mombasa. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi vijana mlioacha mpira wa Jumamosi mkaja kukaa kwenye ukumbi wenye feni mbili: hamjambo?

Mwalimu aliyenialika alinitaka nizungumze juu ya maneno yanayokumbukwa katika midahalo ya wanasiasa kwenye runinga. Chini ya barua akaongeza kwa mkono wake: "Wafundishe kutoa jibu kali." Nitajaribu, ila kwanza niwape aibu yangu.

Nilikuwa kidato cha tatu. Hoja ilikuwa ile ile mnayoijua nyote, kwamba maisha ya mjini ni bora kuliko ya shamba, na mimi nilikuwa upande wa mji. Wiki nzima nilitunga sentensi moja ya kummaliza yeyote atakayesema shamba kuna hewa safi. Niliifanyia mazoezi mbele ya kioo, nikaisema njiani nikienda kuchota maji, hata mdogo wangu akaijua kwa moyo. Siku ikafika. Binti niliyepangwa naye akasimama, akazungumza dakika tano juu ya bei ya maziwa. Hewa hakuitaja hata mara moja. Nami nikainuka nikaitoa sentensi yangu ya hewa vile vile, na mikono nikaipunga. Ukumbi kimya. Halafu huko nyuma mtu akauliza kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia: "Hewa gani?"

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Miaka arobaini imepita, sentensi yangu nimeisahau, yale maneno mawili ninayo mpaka leo. Na huyo aliyeyasema hakuwa ameandaa chochote. Alikuwa anasikiliza tu.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji runinga kulielewa jambo hili, maana tuna kanga. Jina la kanga hupigwa chapa kiwandani, doti kwa maelfu, na likiwa dukani halimchomi mtu. Lakini jirani akusengenye msibani, nawe kesho yake uifungue sanduku, utoe ile iliyoandikwa "Wasemao na waseme", ujifunge, upite mlangoni pake taratibu ukienda kununua chumvi ambayo nyumbani imejaa. Hapo maneno ya kiwanda yamekuwa yako, na yeye hana la kukushtaki. Ukali wote umo katika siku uliyoichagua na mlango uliopita.

Sasa twende Omaha, jimbo la Nebraska, Marekani, tarehe 5 Oktoba 1988. Nataka tukae hapa kidogo. Wagombea wenza wa urais wamekutana: Dan Quayle wa chama cha Republican, mwenye miaka 41, na Lloyd Bentsen wa Democratic, seneta wa Texas, mwenye miaka 67. Waandishi wanamuuliza Quayle swali moja kwa njia mbalimbali: rais akipatwa na jambo, wewe kijana utafanya nini? Anazunguka. Wanauliza tena. Mwishowe anasema kwamba uzoefu wake bungeni ni sawa na aliokuwa nao Jack Kennedy, yule rais wa Marekani aliyeuawa mwaka 1963, alipowania urais.

Bentsen anamgeukia. Nitaisema kwa Kiswahili polepole, nanyi mhesabu:

"Seneta, nilifanya kazi pamoja na Jack Kennedy.
Nilimjua Jack Kennedy.
Jack Kennedy alikuwa rafiki yangu.
Seneta, wewe si Jack Kennedy."

Mmehesabu? Mishororo minne. Ni ubeti wa tarbia huo! Wa kwanza unafungua, mloto unasogeza, mleo unapandisha, na kituo kinaangusha mzigo. Jina la Kennedy limerudi katika kila mshororo, kama kina. Mzee wa Texas hakujua tarbia ni nini, lakini sikio la binadamu linapenda kupandishwa ngazi tatu kisha kusukumwa.

Mtaniambia: lakini mzee, hilo lilikuwa limeandaliwa. Ni kweli, kwa kiasi kikubwa. Kambi ya Bentsen ilijua kwamba Quayle ana mazoea ya kujilinganisha na Kennedy, na katika mazoezi, mbunge Dennis Eckart aliyejifanya Quayle alikuwa ameshaligusia jambo hilo. Tofauti ya Bentsen na mimi ni kwamba yeye alingoja. Kama Quayle asingemtaja Kennedy usiku ule, kanga ingebaki sandukuni. Mimi niliivaa kanga yangu nikapita mlango wa mtu ambaye hakunisengenya.

Na msikieni kilichofuata, kwa sababu watu hukisahau. Quayle alilalamika kwamba maneno yale hayakustahili kusemwa. Bentsen akamjibu kwamba aliyejilinganisha ni yeye mwenyewe. Yaani lawama yote ikarudi kwa aliyefungua mlango. Uchaguzi, hata hivyo, Bentsen na mwenzake Michael Dukakis waliupoteza vibaya: upande wa Quayle ulichukua majimbo 40. Kiti chake cha useneta wa Texas Bentsen alikihifadhi, maana siku hiyo hiyo alikigombea pia. Mtu mwenye kijembe kikali kuliko vyote vya karne ile alirudi kazini kwake pa zamani.

Mfano wa kinyume ninaupata New Hampshire, Februari 2016, katika mdahalo wa waliotaka tiketi ya urais ya Republican. Seneta Marco Rubio alikuja na maneno aliyoyahifadhi, kwamba tuache kudhani Barack Obama hajui anachokifanya, anajua vizuri anachokifanya. Akayasema. Chris Christie, gavana wa New Jersey, akamshambulia kwamba anakariri hotuba. Rubio, badala ya kujibu shambulio, akayasema tena yale yale. Christie akawaonyesha watu kwa kidole: hiyo hapo, hotuba ya sekunde 25 ya kukariri. Na Rubio akayarudia tena! Mimi nilipoitazama video ile nilijiona mwenyewe, kidato cha tatu, nikipunga mikono juu ya hewa. Siku tatu baadaye, katika kura ya mchujo ya jimbo hilo, Rubio alishika nafasi ya tano. Christie naye alikuwa wa sita, akajitoa kesho yake. Kisu chake kilikata, ila hakikumpa yeye nyama.

Mnaona ninalolifuata. Mnanitaka niwafundishe mdomo, nami naanza kwenye sikio. Aliyeshindwa mdahalo mara nyingi ameshindwa kabla hajafungua kinywa, pale mwenzake, au mwandishi, au mama mmoja katika hadhira, alipokuwa anaongea.

Oktoba 1976, San Francisco. Rais Gerald Ford anasema hakuna utawala wa Kisovieti katika Ulaya Mashariki. Wakati huo majeshi ya Kisovieti yapo Poland, yapo Ujerumani Mashariki, yapo Chekoslovakia. Mwandishi Max Frankel wa New York Times hakuamini masikio yake, akamuuliza upya: nimekuelewa sawa kweli? Vijana, swali lile lilikuwa zawadi. Lilikuwa ngazi imeletwa mpaka kwenye shimo. Mtu anayesikiliza angeiona, angesema "hapana, nilimaanisha mioyo ya watu haijatawaliwa," na pengine angepigiwa makofi. Ford akaendelea kuchimba, akataja nchi moja moja. Ilimchukua siku kadhaa kujirekebisha, na mpinzani wake Jimmy Carter ndiye aliyeapishwa.

Oktoba 1992, Richmond, Virginia. Huu ulikuwa mdahalo wa wananchi kuuliza wenyewe. Rais George Bush, baba yake yule mwingine, ananaswa na kamera akitazama saa yake ya mkononi. Mwanamke mmoja anauliza deni la taifa limewagusaje wagombea katika maisha yao wenyewe. Bush anaanza na viwango vya riba, anakwama, anakiri kwamba hakulipata vizuri swali. Bill Clinton alipopewa zamu aliondoka kwenye kiti, akamsogelea yule mama, akamtaka amweleze tena deni limemgusaje yeye. Kisha akamwambia kwamba katika jimbo lake, mtu akipoteza kazi, yeye gavana huenda anamjua kwa jina. Hapakuwa na kijembe chochote pale. Hakuna sentensi ya kuandika kwenye fulana. Lakini waliotazama wanakumbuka mambo mawili: saa, na zile hatua chache kuelekea kwa mtu aliyeuliza.

Rais Ronald Reagan nitampitia haraka kwa sababu mnamjua. Mwaka 1984 alikuwa na miaka 73, mdahalo wa kwanza alibabaika, nchi nzima ikanong'ona kwamba mzee amechoka. Katika wa pili akaulizwa juu ya umri. Akasema hatautumia ujana na uchanga wa mpinzani wake kwa faida ya kisiasa. Mpinzani huyo, Walter Mondale, alikuwa na miaka 56 na alishakuwa makamu wa rais! Mondale mwenyewe alicheka. Reagan alikuwa amesikia minong'ono ya nchi, akaijibu hiyo, akashinda majimbo 49.

Nina sahani nyingine ambayo nimeingoja tangu asubuhi, na hiyo iko Ufaransa. Wafaransa wana kisa cha midahalo mitatu kinachosomeka kama ugomvi wa ukoo.

Mei 1974 ni mdahalo wao wa kwanza wa urais kwenye runinga. François Mitterrand anazungumza juu ya kugawana mali ya nchi, anasema ni jambo la akili na pia ni jambo la moyo. Valéry Giscard d'Estaing, waziri wa fedha, mtu wa tabaka la juu, anamkatiza: "Bwana Mitterrand, moyo si mali yako peke yako." Angalieni alipolichukua neno "moyo". Amelitoa kinywani mwa Mitterrand likiwa bado moto. Usiku ule ule akamwita mtu wa zamani, mtu wa jana. Giscard akashinda kwa kura kama 425,000 tu katika nchi nzima.

Miaka saba. Mitterrand akala hilo neno "mtu wa jana" kwa miaka saba. Mei 1981 wamekaa tena meza moja, Giscard sasa ni rais, uchumi umeyumba, wasio na kazi wamejaa. Mitterrand anamwambia: unarudia wimbo wako wa zamani, kwamba mimi ni mtu wa jana, inasikitisha kwamba katika muda huo wewe umekuwa mtu wa madeni. Kwa Kifaransa "jana iliyopita" na "upande wa madeni katika hesabu" ni maneno yanayofanana, yanatofautiana mwishoni tu, passé na passif. Amelichukua tusi, akabadilisha herufi za mwisho, akamrudishia mwenyewe. Kiswahili hakiwezi kulibeba hilo, nimejaribu usiku kucha. Lakini nyinyi wa tungo za kujibizana mtalielewa: mwenzako akikutungia kwa vina vyake, ukimjibu kwa vina vile vile umempiga mara mbili. Mitterrand akashinda.

Wa tatu ndio ninaoupenda kuliko yote. Aprili 1988 Mitterrand ni rais, na Jacques Chirac, waziri mkuu wake mwenyewe, anagombea dhidi yake. Chirac anaona heshima ile ya "Bwana Rais" inamzidishia mwenzake kimo. Anasema usiku huu mimi si waziri mkuu na wewe si rais, sisi ni wagombea wawili walio sawa, kwa hiyo niruhusu nikuite Bwana Mitterrand. Mitterrand anamjibu kwa upole: "Lakini uko sahihi kabisa, Bwana Waziri Mkuu."

(Hapa palikuwa na kicheko kirefu, nikalazimika kungoja.)

Mnacheka kwa sababu nyinyi ni Waswahili. Mnajua mtu anaweza kukuvunja kwa shikamoo. Mnajua lile "mheshimiwa" linalosemwa kwa namna fulani. Amekubali ombi zima, kwa maneno, na amelikataa zima, kwa cheo. Na alilijenga juu ya sentensi ya Chirac mwenyewe. Kama Chirac angenyamaza kuhusu vyeo, Mitterrand asingekuwa na pa kusimama.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 11 Februari 2013, shule ya Brookhouse, Nairobi, Kenya ilipata mdahalo wake wa kwanza wa urais. Wawaniaji wote wanane walisimama, Linus Kaikai na Julie Gichuru wakisimamia. Wengi wenu mlikuwa watoto. Mimi niliutazama kwenye duka la kahawa, tumebanana mpaka barazani, na mwenye duka alikataa kuuza chochote muda ule ili asiikose sentensi.

Uhuru Kenyatta aliulizwa kuhusu kesi yake katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Alijibu kwa utulivu kwamba hiyo ni changamoto yake binafsi, na kwamba anaweza kulisafisha jina lake huku kazi ya serikali ikiendelea. Hayati Raila Odinga akasema itakuwa shida kubwa kuendesha serikali kwa Skype, yaani simu ya video ya mtandaoni, kutoka The Hague, ilipo mahakama hiyo. Pale dukani tulipiga meza. Kijembe safi, kimetoka moja kwa moja kwenye madai ya mwenzake. Na Uhuru akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.07.

Kwa nini hakikukata? Nina maoni yangu, mnaweza kuyapinga. Kijembe hukata pale kinaposema wazi lile ambalo wasikilizaji wa upande wa pili wanalinong'ona. Wapiga kura wa Uhuru hawakuwa wananong'ona kwamba atatawala kwa Skype. Wengi wao walikuwa wameshaiona kesi ile kuwa ni uonevu, kwa hiyo mzaha ule waliusikia kama mzaha juu yao. Raila alimsikiliza Uhuru vizuri, sina hakika aliwasikiliza watu wa Uhuru. Tena Oktoba 2014 Uhuru alipoitwa The Hague, alimkabidhi naibu wake William Ruto madaraka ya urais kwa muda, akapanda ndege, akarudi. Skype haikuhitajika, na Desemba ile mashtaka yakaondolewa.

Nyota ya usiku ule, hata hivyo, ilikuwa Mohamed Abduba Dida, mwalimu, mtu ambaye dakika moja kabla hatukumjua. Alituchekesha mpaka machozi. Kesho yake mji mzima ulikuwa unamwiga. Kura zake zilikuwa kama 53,000 kati ya zaidi ya milioni 12. Ni chache, lakini zilimweka mbele ya Martha Karua, aliyekuwa waziri wa sheria. Mpimieni wenyewe thamani ya usiku mmoja.

Jambo moja la pembeni, linaloniwasha. Mdahalo ule uliendeshwa kwa Kiingereza. Raila yule yule aliyekuwa akisimama juu ya gari uwanjani akiita "Kitendawili!" na maelfu wakamwitikia "Tega!", alivua silaha yake mlangoni pa studio. Sijui ni nani aliyeamua kwamba urais wa Kenya unaulizwa kwa lugha moja na kura yake inaombwa kwa nyingine. Nyinyi mtakaoandaa midahalo kesho, lifikirieni.

Kisha tukaingia zama za mimbari tupu. Julai 2017 Raila alikuja peke yake Chuo Kikuu cha Katoliki cha Afrika Mashariki, Uhuru hakutokea. Julai 2022, chuo kile kile, Ruto alikuja peke yake, Raila hakutokea. Nitajieni sentensi moja mnayoikumbuka kutoka usiku wowote kati ya hizo mbili.

(Kimya. Mmoja akasema, "Ruto alijibu vizuri kuhusu uchumi." Nikamwuliza: alisema nini? Akacheka.)

Basi hivyo. Si kwamba wale waliokuja hawakusema vizuri. Kofi halilii kwa kiganja kimoja.

La mwisho, la karibuni. Juni 2024, Atlanta, Joe Biden na Donald Trump. Biden anapotea katikati ya jibu, anafunga kwa maneno kwamba hatimaye waliishinda Medicare, ambayo ni bima ya matibabu ya wazee. Baadaye, jibu lake jingine, la mpaka wa nchi, lilipofifia mwishoni, Trump, mtu anayejulikana kwa kupiga kelele, alisema kwa sauti ya kawaida kwamba kwa kweli hajui mwenzake alisema nini mwishoni mwa sentensi ile, na hadhani mwenyewe anajua. Mpende au mchukie, alisikiliza mpaka mwisho, akaeleza alichokisikia. Wiki tatu na siku chache baadaye Biden alijitoa kwenye kinyang'anyiro.

Sasa nimechoka kuongea, ni zamu yenu. Kaeni wawili wawili, kila mmoja na mtu wa shule nyingine. Hoja ni ile ile, mji na shamba, sina nyingine. Wa kwanza ataongea dakika mbili. Wa pili hatajibu kitu mpaka arudie alichosema mwenzake, kwa namna ambayo mwenzake atakubali kwamba "ndivyo nilivyosema." Akikataa, rudia tena. Akikubali, hapo ndipo mjibu, na kwa sentensi moja tu. Anayetaka kutaja hewa safi aitaje, mimi nitavumilia. Mwenyekiti atashika muda. Saa yangu nimeivua, iko mfukoni.